Mwavuli Uliofungwa Mchana

Siku Silvère alipomwona Daphrose kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amejitwika kigoda kichwani na kuegemeza mwavuli mkubwa begani, mwavuli uliopauka hata rangi yake ya kwanza isijulikane. Barabara ya Kabeza, mtaa wa Kigali, ilikuwa ndiyo kwanza inachimbwa ili iwekwe lami, na vumbi jekundu lilikuwa limeingia mpaka kwenye mafuta ya cherehani. Alisimama mbele ya kibaraza alichoshonea Silvère, akakipima kivuli kwa macho, kisha akauliza kama pale pembeni pana mwenyewe.

Silvère alimsikia, na alitaka kumjibu. Lakini maneno yake yalikuwa na desturi ya kuchelewa njiani. Yalipofika mdomoni, aliyeuliza huwa ameshakwenda zake. Akainamisha kichwa, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Fundi," mwanamke akasema, "naona umeshona nguo za mtaa mzima, uzi uliobaki ukashonea mdomo wako."

Annick, mwenye saluni ya mlango wa pili, alicheka mpaka akakiachia kichwa cha mteja. Silvère akahisi masikio yanawaka. Akainuka, akaivuta cherehani yake kuelekea ukutani, nafasi ya kigoda ikapatikana.

"Haya, hilo nalo ni jibu." Mwanamke akakita mwavuli wake. "Mimi ni Mama Akimana. Jina la ubatizo, Daphrose. Wewe usihangaike, mimi nitasema kwa niaba yetu sote wawili."

Na kweli akasema, kwa miaka mingi.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, akakijua Kiswahili cha mtaa ule kabla hajakijua vizuri Kinyarwanda cha wazazi wake. Silvère naye alikulia Ngozi, huko huko Burundi, akasoma shule ya msingi tu, kisha akaachiwa cherehani na baba yake. Kwa hiyo pale kibarazani walizungumza Kiswahili, yaani yeye akizungumza na Silvère akitikisa kichwa, na wateja waliokulia Uganda au Tanzania wakapenda kuja kuketi kona ile, wakapumzika na Kinyarwanda chao cha mashaka. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Alibaki na binti mmoja, Akimana, aliyeuza vitenge katika soko la Kimironko.

Daphrose aliuza vocha za simu, na aliwasaidia watu kutuma pesa vijijini. Kazi hiyo Kigali wanaifanya wengi. Kila kona ina mwavuli wake. Lakini yeye alikuwa na sheria yake. Mteja hakuruhusiwa kuondoka mpaka simu ilie upande wa pili na mtu aitike.

"Siuzi karatasi mimi," alikuwa akisema. "Nauza mtu kuitika."

Mteja mwenye haraka akilalamika, alimshika mkono. "Kaa kwanza. Ukifika nyumbani ukakuta mama yako hajapata, utamlaumu nani? Si uso huu?"

Alikuwa na simu ndogo ya kitochi, ya vibonyezo vilivyofutika, na namba ya kitochi kile ilijulikana katika milima mingi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuikanyaga. Watu wa Kabeza waliwaambia ndugu zao vijijini: msiponipata mimi, mpigieni Mama Akimana. Na hasa walimpigia kwa jambo moja. Kwetu msiba haumwagwi sikioni mwa mtu kwa simu, akiwa peke yake, pengine amesimama katikati ya barabara. Hupigiwa jirani. Jirani ndiye huja, akakuketisha, akakupa maji, akakwambia mzee hajisikii vizuri, twende nyumbani. Na ukweli ukikufikia, unakukuta umeshikwa mkono.

Kwa mtaa ule, jirani huyo alikuwa Daphrose. Kabla hajaenda kwa mwenye msiba, alifunga mwavuli wake. Hakuipanga iwe ishara. Aliogopa tu upepo usije ukauangusha akiwa hayupo. Lakini mtaa ukajifunza. Mwavuli ukifungwa mchana, Annick alizima mashine ya kukaushia nywele, na Afande Hakizimana, mwanajeshi mstaafu aliyelinda duka la saruji la ng'ambo ya barabara, alivua kofia. Kila mtu alimtazama mama yule anaelekea wapi, akiomba kimoyomoyo apite.

Hakuwa na nyumba yake wala shamba. Alikuwa na jina. Akisema jambo, watu waliliweka mfukoni kama kitu walichokwisha kulipia.

Kisha ikaja kampuni mpya ya simu, ya zambarau.

Magari yake yalipita mtaani yakipiga muziki, na bendera za zambarau zikafungwa kwenye kila nguzo. Kijana wa kampuni aliyekuja kumwona Daphrose aliitwa Rodney. Alikulia Kampala, viatu vyake vilimeremeta hata kwenye matope, na Kiswahili chake kilikwenda kwa kujikwaa.

"Maama, kuja kwetu! Netiweki iko ful. Zambarau kwa zambarau, Jumapili ni bure. Siku nzima, maama, bure!"

Akampigia mwenzake aliyekuwa mjini. Sauti ikaja safi kama ya mtu aliyeketi chini ya mwavuli. Daphrose akaisikiliza, akamrudishia simu.

"Huyo yuko Kigali," akasema. "Na wewe uko Kigali. Mngeweza kuitana kwa mluzi. Na Nyarusange je?"

Nyarusange ndiko alikoishi Xavérine, mama yake Silvère. Ni kusini, katika bonde linaloinama hadi mto Akanyaru, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Walipewa kiwanja huko waliporudi kutoka ukimbizini. Daphrose alipataja kwa sababu hakuna mahali simu zilisumbua kama pale. Silvère akaacha kukanyaga cherehani ili asikie jibu.

Rodney akatoa ramani kwenye simu yake. "Ona mwenyewe. Nchi nzima."

Nchi nzima ilikuwa imepakwa zambarau, pamoja na maziwa.

"Hata samaki wanapiga," Daphrose akasema, na wote wakacheka.

Siku ile hapakuwa na mtu yeyote wa Nyarusange mwenye laini ya zambarau ambaye angeweza kupigiwa, maana ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuuzwa. Daphrose akaitazama tena ramani. Akapokea mwavuli mpya na kizibao chenye nembo, na kwa mara ya kwanza tangu Silvère amjue, akauza kabla hajasikia mtu akiitika. Mwavuli wake wa zamani akauhifadhi nyuma ya vitambaa vya Silvère.

Mtaa ukahama wote. Wakiulizwa kwa nini, hakuna aliyetaja ramani wala bei. "Mama Akimana amesema inashika." Na kwa kuwa bure ilikuwa zambarau kwa zambarau, kila mtu alinunua laini mbili, moja yake na moja ya mzazi. Silvère akamnunulia Xavérine, akamshonea na kimfuko cha kitenge cha kuvaa shingoni, cha kutilia simu. Daphrose peke yake alibaki na namba ya zamani katika kitochi. Milima yote inaijua hii, alisema, nikiibadilisha nani atawaambia?

Mjini mambo yalikuwa mazuri. Kabeza, Kimironko, Nyamirambo, popote pale, sauti ilikuwa safi. Lakini Nyarusange simu ilikufa mara tu ulipoanza kuteremka bondeni. Karibu na mto ilikuwa mbaya zaidi: ilishika mtandao wa ng'ambo, ikamkaribisha bibi kizee Burundi akiwa ameketi jikoni kwake, ikamlia vocha yote. Mahali pekee iliposhika ni juu kabisa, nyuma ya kanisa, penye mikaratusi. Jumapili baada ya misa wazee walijipanga pale, kila mmoja ameinua mkono wenye simu kama watu wanaoapishwa.

Xavérine naye alipanda. Mazungumzo yao hayakuwa marefu, na sauti ya mama ilisikika mpaka kwenye kigoda cha Daphrose.

"Silvère, upo?"

"Nipo, mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Hapo maneno ya Silvère yalikwisha, na mama yake alimjua mwanawe. Hakukata. Aliiacha simu sikioni, upepo wa mikaratusi ukivuma, mpaka aliporidhika.

"Haya. Nimekusikia unapumua. Sasa nashuka."

Jina la mzaha lilianzia saluni. Baba yake Annick aliishi mlima wa jirani na Nyarusange, na goti lake lilikuwa bovu. "Baba yangu akitaka kuniambia mbuzi amezaa," Annick akasema mbele ya wateja, "anapanda mlima kama Musa. Hii si zambarau, hii ni Panda Mlima!" Kabla ya mvua kuja, jina lilikuwa limefika Kimironko. Fundi bomba asiyetokea, Panda Mlima. Mchumba asiyepokea simu, Panda Mlima. Watoto wakaitungia wimbo, wakalikimbilia gari la bendera wakiimba.

Wapo walioshangaa. Kijana mmoja aliyezaliwa hapo hapo mjini alisema, "Mbona mimi kwangu inashika vizuri?"

"Kwako inashika kwa sababu unampigia mwenye baa hapo chini," Afande Hakizimana akamjibu. "Mwenzio anampigia mama yake. Haya niambie, mjini hapa nani ana mama mjini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kampuni ilijenga minara yake mahali watu walipo wengi, lakini jina lake lilikuwa likitengenezwa mahali walipo wachache, na kila Jumapili lilirudi mjini likiwa baya kidogo kuliko Jumapili iliyopita.

Daphrose alimpigia Rodney. "Maama, mnara uko kwenye mpango." Akaenda mwenyewe kwenye ofisi yao, akapewa maji katika bilauri nzuri, akaambiwa habari za mpango. Aliporudi, mteja mmoja alimwita Mama Panda Mlima, kwa utani. Alicheka. Silvère aliona kwamba macho yake hayakucheka.

Lakini baya zaidi halikuwa jina. Ni kwamba watu walizoea kimya. Zamani simu isipolia saa yake, mtu alishtuka. Siku hizi alisema, "Ah, zambarau hiyo," akaendelea kula.

Ikaja Jumapili moja ya mvua kubwa. Silvère aliketi kibarazani na simu juu ya meza ya cherehani. Daphrose akatoka misa, akakunja kitenge chake kilicholowa, akamtazama.

"Bado?"

Silvère akatikisa kichwa.

"Kwa mvua hii? Mlima unateleza, fundi. Panda Mlima hawezi kupanda leo. Atapiga Jumapili ijayo."

Silvère akaona ni kweli. Jumatatu akashona sare za shule, wala hakuwaza.

Jumanne kabla ya adhuhuri kitochi kililia. Daphrose alisikiliza bila kusema neno, na kwa mtu kama yeye hilo pekee lilitosha. Kisha akainuka, akaufunga mwavuli wa zambarau.

Mashine ya saluni ikazimwa. Ng'ambo ya barabara Afande Hakizimana akavua kofia. Silvère akainua macho kama wengine, ili aone mama yule ataelekea wapi. Akangoja. Daphrose alikuwa amesimama na mwavuli uliofungwa mkononi, na hakuelekea popote. Ndipo Silvère akaelewa kwamba ameshafika.

Daphrose alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akamimina maji katika kikombe, akamshika mkono.

"Fundi, mama hajisikii vizuri. Twende nyumbani."

Silvère alikuwa amemsikia akiyasema maneno hayo kwa watu wengi. Akanywa maji. Halafu, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza, akauliza.

"Jumapili alikuwa anakuja kunipigia?"

Mila ilimtaka Daphrose ageuze maneno mpaka wafike.

"Ndiyo," akasema.

Walipofika Nyarusange, Cécile, jirani wa miaka yote wa Xavérine, aliwasimulia. Bibi aliteleza karibu na mikaratusi, akaanguka kwenye mfereji pamoja na simu yake, ikaingia maji. Wanaume wakambeba kwa machela hadi kituo cha afya kule chini. Cécile alikaa naye, lakini simu yake nayo ilikuwa ya zambarau, na kule chini ilikuwa kama jiwe. Alitaka kumwacha mgonjwa apande mlimani akapige. Xavérine alimkataza. "Usimsumbue mtoto. Nikipona nitapanda mwenyewe." Alipokata roho ndipo muuguzi alipomwazima Cécile simu yake, na namba pekee aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya kitochi cha Kabeza.

Kwenye mazishi, waliomjua marehemu walisimama mmoja mmoja kumzungumzia. Daphrose naye akasimama. Hakuwa amevaa kizibao.

"Laini iliyokuwa shingoni mwa mama huyu niliiuza mimi," akasema. "Niliwaambia watu kwamba Nyarusange inashika. Sikuwa nimesikia mtu wa huku akiitika. Naomba mnisamehe."

Mzee mmoja akakohoa, akasema, "Na sisi tulipenda cha bure, mama." Cécile akamvuta mkono, akamketisha kando yake. Silvère alitaka kusema neno. Neno likachelewa, jeneza likashushwa.

Kabeza haikuwa na upole wa Nyarusange. Matanga yalipokwisha na kazi zikaanza tena, Annick alitoka saluni na kitana mkononi, akasimama mbele ya kigoda cha Daphrose, watu wakisikia.

"Mama Akimana, nina swali moja tu. Hicho kitochi chako mbona hakikuhama?"

"Milima yote inaijua namba hii, mwanangu."

"Sawa. Wewe ukabaki panaposhika, sisi ukatuuzia mlima."

Daphrose alifungua mdomo, ukafunga wenyewe. Watu waliokuwa wamepanga foleni mbele yake wakaanza kutazama barabara. Silvère hakuwa amewahi kumwona mama yule akikosa neno, na ilimuuma kama kumwona mtu amevuliwa nguo. Akainuka. Akaingia nyuma ya vitambaa, akatoka na ule mwavuli wa zamani. Alikuwa ameuziba matundu kwa vipande vya vitenge vya kila rangi, siku zile za kusubiri watu wa matanga waondoke. Akaung'oa wa zambarau, akaukita huu mahali pake. Mtaa mzima ulikuwa ukimtazama na masikio yake yalikuwa yanawaka.

"Kaa, Mama Akimana," akasema.

Yalikuwa maneno matatu, lakini Annick aliyasikia kutoka kwa mtu aliyezika, akarudi saluni bila kuongeza.

Daphrose aliupeleka mwavuli wa zambarau na kizibao kwenye ofisi ya kampuni, akaviacha juu ya meza yao. Aliendelea kuuza chini ya viraka, laini ya zamani, na sheria yake ya zamani akaishika kwa ukali kuliko kwanza. Lakini wateja walipungua. Na miguu yake ikaanza kuvimba. Daktari akamwambia moyo wake umechoka, asipande ngazi wala vilima. "Kigali hii?" akamuuliza daktari. "Basi nitembee angani?"

Msimu wa kiangazi Rodney akarudi, kwa miguu, viatu vina vumbi.

"Maama, tumejenga. Nyarusange mnara uko. Mpaka chini kwa mto inashika, haki ya Mungu."

"Vizuri. Wauzieni watu."

"Nani atanunua?" Kijana akaketi kwenye jiwe. "Tukisema inashika, wanacheka. Gari likipita watoto wanaimba ule wimbo. Mnara tumejenga, maama, lakini jina... Ukisema wewe, wataamini."

"Safari ile nilililaza jina langu juu ya ramani yako," Daphrose akasema, "likaamka halina uso. Safari hii litakwenda kwa miguu."

Akimana alipopata habari alikuja kutoka Kimironko na hasira. "Mama, kwa ajili ya kampuni? Kampuni imekufanyia nini?"

"Si kwa ajili ya kampuni. Niliwaambia watu Nyarusange inashika. Nilisema uongo bila kujua, lakini nilisema. Kama sasa imekuwa kweli, nataka niwaambie tena nikiwa najua. Nikifa na jina la mlimani, wewe ndiye utakayeitwa hilo."

"Mpigie Cécile," Silvère akasema polepole. "Atakwambia."

"Cécile ataniambia inashika hata kama haishiki, ili nisiumie. Namjua. Lazima niwe pale chini mwenyewe." Kisha akamgeukia. "Fundi, ile laini ya mama. Unayo bado?"

Silvère alifungua saraka ya cherehani, akatoa kimfuko cha kitenge. Alikuwa akiiwekea laini ile vocha mwezi hata mwezi ili kampuni isije ikaizima, na hakuwa amemwambia mtu. Daphrose alimwambia kwamba ataitia kwenye kitochi chake akifika bondeni. Alikivaa kimfuko shingoni, na Jumamosi akapanda basi la kusini, Akimana akiwa amenuna kituoni na bado anamfunga vizuri kitenge mabegani.

Jumapili baada ya misa watu walikusanyika kibarazani bila kuitwa. Annick alikuwepo, Afande Hakizimana alikuwepo, na Rodney alisimama mbali kidogo kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Simu ya Silvère ilikuwa juu ya meza ya cherehani, mahali pale pale.

Ikalia. Kwenye kioo paliandikwa: Mama.

Annick aliziba mdomo kwa mkono. Silvère akaitazama kwanza. Kisha akaiinua, akaiweka sikioni, akasikiliza, na waliosimama karibu waliona machozi yakimtoka. Hakuhitaji kuwaeleza. Daphrose alikuwa chini, bondeni, na sauti yake ilifika nzima. Afande Hakizimana akasema, "Basi. Amesema, inashika," na hakuna aliyecheka. Wiki ile Annick alimnunulia baba yake laini ya zambarau tena, ingawa watoto waliendelea na wimbo wao kwa muda mrefu. Wimbo hausikii habari za minara.

Daphrose hakurudi Kabeza. Alilala kwa Cécile, na Jumatatu asubuhi, akiipanda njia ya kwenda barabarani polepole, aliketi kando ya njia apumzike, na moyo wake ukapumzika naye. Safari hii Cécile hakuhitaji kuazima simu. Alikuwa na namba ya jirani wa kumpigia.

Silvère alipomaliza kusikiliza, aliiweka simu juu ya meza ya cherehani. Halafu akainuka, akaufunga ule mwavuli wa viraka. Mashine ikazimwa, kofia ikavuliwa, na safari hii hakuna aliyejiuliza fundi anaelekea wapi. Alikwenda Kimironko, akapita kati ya meza za vitenge mpaka kwa Akimana, akamtafutia kigoda, akamwomba muuza chai maji katika kikombe, akamshika mkono. Njia nzima alikuwa ameogopa kwamba maneno yatachelewa. Hayakuchelewa.

"Mama hajisikii vizuri," akamwambia. "Twende nyumbani."

Baadaye watu walimuuliza mara nyingi Mama Akimana alimwambia nini Jumapili ile, maana wao waliona tu simu sikioni na machozi. Kwa muda mrefu alitikisa kichwa tu. Siku alipokubali kusema, aliyasema kama alivyoyasikia, mto ukivuma nyuma yake:

"Silvère, upo? Niko jikoni kwa mama yako, chini kabisa, sikupanda popote. Usihangaike kutafuta neno, fundi. Nakusikia unapumua."